Upepo Uliobaki Juu

Koplo alikuwa na jibu tayari, na kama kawaida yake alikuwa nalo kabla hajavua kofia.

"Kikulacho ki nguoni mwako, afande," alisema, akatua kikombe chake cha chai juu ya boneti la gari lililopondeka. "Mkwe amekiri. Kazi imekwisha. Leo na mimi nitakula mchana kama watu wengine."

"Methali si ushahidi, Koplo. Na ondoa chai kwenye kielelezo."

Koplo aliiondoa. Inspekta aliendelea kulizunguka gari taratibu, mikono nyuma, kama mama wa sokoni asiyemwamini muuzaji. Lilikuwa gari dogo jeupe, la zamani lakini limetunzwa, na sasa taa yake ya kushoto ilikuwa imeingia ndani hadi kwenye betri. Walikuwa wameliweka uwanja wa nyuma wa kituo, kati ya pikipiki zilizokamatwa na friji la wizi ambalo mwenyewe hakuwahi kujitokeza. Jumatatu asubuhi mwanamke mmoja alikuwa akilishusha mteremko wa hospitali. Waliokuwa kando ya barabara waliliona likizidi kasi pale ambapo kila dereva hupunguza, kisha likaacha barabara na kuuvaa ukuta wa ghala. Mwanamke huyo hakufika hospitali, ingawa ilikuwa pale pale chini, mbele ya macho yake.

Alikuwa mke wa mwoka mikate. Alikuwa pia mtoto wa pekee wa fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Dakika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akichelewa. Mazishi yalikuwa alasiri ya leo. Mume wa marehemu alikuwa mahabusu, kwa sababu siku ile ile ya msiba Mzee Dakika alikuja kituoni, akasimama mbele ya kaunta na kusema: "Mkwe wangu amemuua mwanangu." Kama mkwe huyo angesomewa shtaka mchana ule, mkewe angezikwa yeye akiwa nyuma ya nondo.

Inspekta aliyajua maelezo ya mzee kwa moyo. Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake, mzee alibadilisha kaliper za mbele za gari la binti yake, yaani vile vyuma vinavyobana diski ya gurudumu mtu anapokanyaga breki. Za zamani zilikuwa zimekwama kwa kutu. Alipofunga mpya, ilibidi atoe upepo kwenye mabomba ya mafuta, kwa kuwa upepo ukibaki breki hazishiki, na kazi hiyo inataka watu wawili. Yeye alilala chini kwenye gurudumu akiwa na spana. Mkwe alikaa ndani kwenye pedeli. Mzee anaita "Kanyaga!" Mkwe anajibu "Nimeshika!" Mzee anafungua kijisrubu chenye tundu, mafuta yanatoka na upepo wake kupitia kimpira cheupe hadi kwenye chupa, anafunga, kisha anaita "Achia!" Mguu ukiinuka kabla srubu haijafungwa, bomba linavuta upepo mpya na kazi yote inakuwa bure. Mzee alisema mkwe wake aliinua mguu mapema, tena makusudi.

Na leo alfajiri mkwe alikubali. Aliita askari wa zamu na kusema aandikiwe hivyo hivyo.

"Kuna hili pia," Koplo alisema. Alichuchumaa kwenye gurudumu la kushoto akaonyesha mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, uliokuwa umekatika. "Kisu, afande. Mimi nimelelewa na mama mwenye bucha, kisu nakijua."

Inspekta alichuchumaa naye. Aliushika mpira, akaupinda mdomo wake kwenye mwanga.

"Bucha la mama yako lilikuwa linakata nyama kwa kuivuta? Angalia nyuzi zilivyochomoka. Huu umeraruka gari lilipogonga. Na mafuta yamerukia chuma kilichopindika, upande uliopindika. Yangemwagika kabla, yangekuwa kwenye uwanja wa mwoka mikate. Ulikwenda pale, uliona tone?"

"Sikuona."

"Basi kisu kirudishe kwa mama."

Koplo alicheka, halafu akakumbuka wako kwenye kazi ya msiba, akajikohoza. Inspekta aliinuka na kukung'uta magoti. Kukiri kwa yule kijana kulikuwa kunamkera tangu asubuhi. Alikuwa amewahi kuona watu wakikana kweli iliyo wazi kama jua, na waliokiri kwa kupigwa, na waliokiri kwa ulevi. Huyu alikiri kama mtu anayewahi kiti kabla mwingine hajakikalia.

Alimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mtu mpana, mwenye mikono mikubwa iliyobaki na alama za kuungua kwa milango ya tanuri. Waliingia chumba cha mahojiano, Koplo akasimama mlangoni.

"Uliachia pedeli mapema," Inspekta alisema.

"Ndiyo."

"Gurudumu lipi?"

"Yote mawili."

"Mara moja au mara nyingi?"

"Nyingi. Imeandikwa, afande. Mbona tunarudia?"

"Kwa sababu mimi ni mzito wa kuelewa. Mguu ukiinuka mapema, upepo unaingia. Kanyaga inayofuata, upepo ule unatoka kwenye kimpira. Mtu aliyelala pale anaona nini?"

"Mapovu."

"Baba mkwe wako anasema hakuona hata povu moja. Mafuta yalitoka safi, gurudumu la kushoto na la kulia, mpaka akaridhika. Ameapa kwa jina la marehemu. Sasa tazama maajabu. Anayekuchukia anakutetea bila kujua, na wewe unajikaanga kwa mafuta yako mwenyewe."

"Mzee haoni vizuri."

"Fundi saa?"

Koplo, pale mlangoni, alitazama dari.

"Jumatatu asubuhi jirani alikusikia ukimpigia kelele mkeo. 'Gari hilo hutoki nalo leo.' Sisi tuliandika kwamba mligombea gari. Lakini mimi nimelala na maneno hayo, na yamekataa kukaa. Mtu aliyeharibu breki ili mkewe afe, anamzuiaje asitoke na gari?"

Mwoka mikate aliinamisha kichwa.

"Ulimzuia, na yeye akakataa. Alikujibu nini?"

"Afande, andika nilivyosema."

"Nakuuliza mkeo alikujibu nini. Ni maneno yake ya mwisho kwako. Usiyafukie."

Mabega yale mapana yalianza kutikisika. Alilia bila kujificha uso, mikono imelala mezani, na maneno yakamtoka yakiwa yamekatika vipande. "Alisema baba atajisikia vibaya. Alisema, mzee amelala chini siku nzima kwa ajili yangu, leo nimwambie napanda basi?"

"Ajisikie vibaya kwa nini?"

Hapo ndipo alipojua amesema kupita alivyokusudia. Alifuta uso kwa kiwiko, akafunga mdomo, na hakuna swali lililoufungua tena. Inspekta alipoinuka, kijana alimwuliza jambo moja tu: kama marehemu ameshaoshwa. Inspekta alimwambia ndiyo, shangazi zake wamemwosha.

Nje, Inspekta alitembea haraka hata Koplo akabaki nyuma.

"Lete zile kaliper za zamani tulizochukua kwa mzee. Na jeki. Na mtu asiniongeleshe."

Mzee Dakika alikuwa amewakabidhi vile vyuma chakavu vimefungwa kwenye gazeti, safi, vimepanguswa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu. Inspekta aliinua upande wa kulia wa gari, upande usioguswa na ukuta, akang'oa gurudumu. Kaliper mpya iling'aa pale ndani. Kila bolti ilikuwa imekazwa kwa haki. Mpira wa breki tu ndio ulikuwa umejisokota kidogo, kama nguo inayokamuliwa.

"Mkwe amekiri uongo," alijisemea. "Mzee amesema kweli. Mafuta yalitoka safi. Mtu aliye ndani hakuachia mapema. Na bado breki zilikuwa na upepo. Upepo ule ulikuwa wapi?"

"Uliniambia nisikuongeleshe," Koplo alisema.

"Nyamaza hivyo hivyo."

Alichukua kaliper ya zamani iliyoandikwa upande wa kulia kwa chaki ya mzee mwenyewe, akaishikiza kando ya ile mpya. Kijisrubu cha kutolea upepo kwenye ya zamani kilikaa juu kabisa, kikitazama angani. Alishusha macho kwenye mpya. Kijisrubu chake kilikuwa chini, kinatazama ardhi.

Alienda upande wa kushoto, akalala kifudifudi, akamulika tochi kupita kwenye mabati yaliyojikunja. Huko nako kilikuwa chini.

Hakuinuka mara moja. Koplo alifikiri ameumia.

"Ya kulia amefunga kushoto," hatimaye alisema kutoka pale chini, "na ya kushoto kulia. Zinaingia, Koplo. Bolti zinaingia, mpira unafika. Lakini upepo unapanda, na mlango wa kuutolea uko chini. Ukifungua, yanatoka mafuta matupu, safi. Upepo umekaa juu, umetulia, kama kwenye chupa uliyoipindua. Angeweza kutoa mpaka Krismasi asione povu."

"Na pedeli?"

"Laini. Mara ya kwanza inazama, ya pili inashika. Kwenye barabara tambarare unajifariji. Kwenye mteremko ule mrefu, umekanyaga, umekanyaga, vyuma vimepata moto, mwisho inalala sakafuni."

Koplo alivua kofia. "Kumbe yule ndani..."

"Yeye ndiye aliyekuwa na mguu kwenye pedeli siku nzima. Alijua breki hazijakaa sawa. Hakujua kwa nini, lakini alijua ni kazi ya nani. Ndiyo maana alimzuia mkewe. Na tangu alfajiri anajitwisha kesi ya mauaji ili mzee asijue."

Walitazamana. Koplo alisema kwa sauti ndogo, "Tukinyamaza, tunamfunga asiye na hatia. Tukisema, afande, yule mzee tunamzika hai."

"Najua. Na kunyamaza siwezi."

Inspekta alikuwa bado na grisi mikononi Mzee Dakika alipopitishwa uwanjani. Alikuwa amevaa suti nyeusi iliyopigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, na macho yaliyovimba hata hayakulingana na unadhifu wa nguo. Inspekta alimwamkia, akampa pole. Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Binti, nimepita mara moja tu kabla ya mazishi. Wameniambia mtu yule hajasomewa shtaka. Nimekuja kuuliza, tunangoja nini?"

"Kaa kwanza, baba."

"Sikuja kukaa."

"Basi nisaidie kitu. Ulipozifunga hizi kaliper, ulijuaje ipi ni ya upande gani?"

Mzee aliguswa kidogo na swali. Alikuwa amezoea kuulizwa kuhusu kazi. "Zilikuja kwenye boksi moja. Nilijaribu ya kwanza, ikaingia bila kusukumwa. Ya pili hivyo hivyo. Nimefungua saa miaka yote hii, binti yangu. Saa haina ubishi. Gurudumu likiwa si la pale, halikai. Likikaa, limekaa mahali pake."

Inspekta aliyasikia maneno yale na moyo ukamwuma. Kwenye saa mzee yule asingekosea hata kwa unywele. Gari lilikubali kosa la mzee bila hata kulia.

"Na ulipomaliza, pedeli ulionaje?"

"Ilikuwa laini kidogo. Nilikuwa nimeweka na pedi mpya za kubania diski, nikajua zitajizoesha. Yule ndani ya gari aliniambia, 'Baba, bado, turudie.' Nikamwambia, wewe rudi kwenye unga wako. Nikadhani anatafuta sababu ya kunidharau mbele ya mke wake." Alitazama grisi mikononi mwa Inspekta. "Kwa nini unaniuliza hayo?"

Inspekta hakumjibu kwa mdomo. Angeweza kumwambia pale pale, lakini alimjua mtu wa namna ile. Neno angelipinga hadi kaburini, ila jambo aliloliona kwa macho yake angelikubali. Alifungua bolti mbili za kaliper ya kulia, akaitoa kwenye diski ikiwa imening'inia na mpira wake. Koplo alisukuma kipande cha ubao katikati ya pedi. Inspekta aliigeuza kaliper, kijisrubu kikaja juu, akachomeka kimpira cheupe na kukitumbukiza kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Kisha akafungua kwa spana, robo ya mzunguko.

Kimpira kilikohoa. Povu likaja, likafuatwa na jingine, halafu yakaja mfululizo, makubwa, yakipanda ndani ya chupa na kupasuka. Hakuna aliyekanyaga pedeli. Mafuta yaliyobaki kwenye kikopo chake juu ya injini yalishuka yenyewe na kuusukuma nje upepo uliokuwa umekaa pale tangu Jumamosi.

Mzee Dakika aliinama. Alitoa miwani mfukoni, akaivaa. Alitazama kijisrubu, akatazama kaliper ya zamani juu ya gazeti, akatazama tena kijisrubu. Macho yale yalikuwa yamezoea kuona kosa dogo kuliko punje ya ulezi, na hili lilikuwa kubwa kama mkono.

Alivua miwani. Koplo alimwahi kwa kiti cha plastiki, lakini mzee alikaa chini, palepale kwenye changarawe, na suti yake ya mazishi.

"Zote mbili?" aliuliza.

"Zote mbili, baba."

"Alikanyaga?"

"Alikanyaga. Na breki ya mkono tuliikuta imevutwa hadi mwisho. Alipigana nayo."

"Alipigana nayo," mzee alirudia. "Na mimi nilimwambia nimemaliza. Aliniuliza, 'Baba, niamini?' Nikamwambia, mimi nikikutengenezea kitu, hata ulale."

Alianza kulia kwa sauti, mzee mzima, kinywa wazi, hata askari wa kaunta akatokeza mlangoni kuona kuna nini. Inspekta alipiga magoti kando yake na mikono yake michafu, hakujua aiweke wapi. Kuna maneno ya kufariji watu, na alikuwa ameyasema kwa wengi, lakini hapa kila alilolifikiria lilikuwa uongo. Alikaa naye pale mpaka kilio kikapungua.

"Yule kijana," mzee alisema, "anasemaje?"

"Amekiri, baba. Amesema ni yeye aliyeachia pedeli."

"Hakuachia."

"Najua."

"Kila nilipoita alijibu. Alishika mpaka niseme. Nilikuwa nasikia sauti yake." Mzee alishika kichwa. "Nilimsingizia kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumchukia. Niinue."

Walimwinua. Alikataa kushikwa mkono, akatembea mwenyewe hadi kaunta, vumbi la changarawe likiwa kwenye suruali. Inspekta aliamuru mwoka mikate atolewe, akarudishiwa mkanda wake na viatu. Alipotokeza kwenye korido na kumwona baba mkwe wake amesimama pale, macho mekundu, kisha akaona grisi kwenye mikono ya Inspekta, alielewa. Alimgeukia Inspekta kwa hasira ambayo hakuionyesha hata alipokamatwa.

"Nilikuambia uandike nilivyosema! Kilikugharimu nini?"

"Mwache," mzee alisema. "Ulijua?"

"Sikujua kitu, baba. Niliachia mguu. Nilichoka nikaachia, ni mimi."

"Ulijua, ukataka wakufunge."

Kijana alitafuta uongo mwingine, haukuja. "Yeye alikuwa hataki uumie," alisema. "Ndicho kitu cha mwisho alichonitaka."

Mzee Dakika alimgeukia Inspekta. Alikunja mikono ya suti vizuri, mkono mmoja, kisha wa pili, akanyoosha mbele yake viganja viwili vilivyounganishwa, vyenye vidole vyembamba vya fundi saa.

"Basi nifungeni mimi."

"Hakuna kosa la kukufunga, mzee wangu," Inspekta alisema. "Faili litaandikwa ajali."

"Nimemuua mwanangu. Nitafutie kosa. Wewe ndiye mwenye sheria, nitafutie."

Inspekta alitikisa kichwa. Mzee hakushusha mikono. Alibaki ameinyoosha juu ya kaunta, akimsihi kwa macho, na Koplo akageukia ukuta na kufuta uso kwa kofia. Hakuna aliyekuwa na pingu za jambo lile.

Mwoka mikate alisogea. Aliichukua mikono ile miwili kwa mikono yake mikubwa, akaishusha polepole, wala hakuiachia.

"Twende, baba," alisema. "Anatungoja tumzike."